Ngazi Nne za Insha

Mwongozo wa kusahihisha insha ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE nchini Kenya unastahili kuhakikiwa kama maandishi mengine yoyote. Umbo lake ni ngazi. Insha hutuzwa alama 20, zilizogawanywa katika viwango vinne: D ni 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kila kiwango kina maelezo yake: mtiririko wa mawazo, upana wa msamiati, ufundi wa lugha, wingi wa makosa.

Ukiyasoma maelezo hayo kwa makini, utaona sifa ni zilezile kutoka D hadi A. Kinachobadilika ni maneno ya kiasi. Makosa huwa mengi, kisha machache. Mtiririko huwa hafifu, kisha mzuri. Mzigo unamwangukia mwalimu hapo. Machache ni mangapi katika insha ya maneno 400? Walimu wawili wenye uzoefu sawa wanaweza kusoma karatasi moja, huyu akatoa 15, yule 16, na wote wakawa wameufuata mwongozo kwa uaminifu. Alama moja tu, lakini mtahiniwa amehama kutoka B hadi A.

Ugumu wa pili umo katika dhana kwamba sifa zote hupanda pamoja. Chukua insha ya methali, "Mchumia juani hulia kivulini." Mwanafunzi anasimulia jasho la mkulima kwa lugha tamu na tashbihi zilizokaa mahali pake, lakini kivuli hakifikii kamwe. Mwenzake anazikamilisha pande zote mbili za methali, huku sarufi ikiyumba na "raha" ikiandikwa "laha". Lugha ya wa kwanza inaelekea A, maudhui yake hayaelekei huko. Kwa wa pili ni kinyume chake. Mwongozo unataka kila mmoja awekwe kwenye kiwango kimoja.

Mtaala wa umilisi nao umekuja na ngazi nne: kuzidisha matarajio, kuyafikia, kuyakaribia na kuwa mbali nayo. Ngazi ya juu ndiyo ngumu zaidi kutuza, kwa kuwa kinachozidi matarajio hakina mpaka, na mwalimu mwenye darasa kubwa hana muda wa kuutafuta kwa kila mtoto.

Maneno ya kiasi hupata maana kwa mifano. Ndiyo sababu watahini wa kitaifa husahihisha kwanza nakala zilezile na kulinganisha alama kabla ya kuanza kazi. Idara ya Kiswahili katika kila shule ifanye vivyo hivyo: ihifadhi insha za mipakani, za 10 na 11, za 15 na 16, pamoja na sababu za uamuzi, na walimu wazijadili kila muhula. Mwanafunzi ana haki ya kupata alama ileile, kalamu nyekundu iwe mkononi mwa mwalimu yeyote.