Kidole Hewani

Hakuigusa karatasi. Kidole chake cha shahada kilitembea juu ya mstari, hewani, upana wa ukucha kutoka kwenye wino, kikishuka jina baada ya jina, na midomo ikichezacheza kama ya mtu anayevuta uradi. Nilikuwa meza ya pili katika chumba cha kusomea cha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew, London, kwa shughuli nyingine kabisa. Nikaacha shughuli zangu nikamtazama yule bibi kwa saa nzima. Nilikumbuka chuoni kwetu, mwalimu akitushikisha kijiti cha kuonyeshea herufi ili tusiuchafue msahafu kwa vidole vyenye mafuta ya vitumbua. Ole wako kijiti kiruke herufi moja.

Alikuwa anamtafuta askari wa farasi. Si jemadari; majemadari wana sanamu zao barabarani. Huyu alikuwa askari wa chini kabisa wa kikosi cha 17th Lancers, mtu wa shilingi moja na peni tatu kwa siku kabla ya makato, na makato hayakuwa haba. Ukoo wake, uliomwomba bibi awatafutie, ulikuwa na hakika kwamba tarehe 25 Oktoba 1854 mzee wao alikuwamo katika bonde la Balaclava, siku wapanda farasi zaidi ya 600 wa Kiingereza walipotumwa, kwa amri iliyoeleweka vibaya, kuikabili mizinga ya Warusi. Nishani ya vita vya Crimea wanayo. Basi, wanasema, alikuwamo.

Siku hizi wengi huishia hapo. Mtu anaandika jina kwenye kompyuta, wanamjia watano wenye jina hilo, anamchagua aliyekufa vizuri kuliko wenzake. Chai yake haijapoa, tayari ana babu shujaa. Haulizi hata namba. Na namba yenyewe ni mtego: hadi 1920 kila kikosi kilitoa namba zake, hivyo namba moja ingeweza kuwa ya watu kadhaa wasiojuana, na askari akihamishwa alivua namba kama anavyovua koti. Jina nalo si la kutegemea. Wapo waliojiandikisha kwa majina ya uongo, wakikimbia deni, au mke, au baba.

Ndiyo maana bibi alikuwa amefungua madaftari ya mahudhurio. Kila robo mwaka makarani waliandika habari za kila mtu: yupo, yuko hospitali, yuko kifungoni, kafa. Kila jina lilikuwa mshahara, na serikali haikutaka kumlipa maiti. Ubahili huo ndio uliomhifadhi mnyonge. Hati za kuachishwa jeshi, ambazo wengi huzikimbilia kwanza, kabla ya 1883 ni hasa za waliopata pensheni; aliyefia vitani au aliyetoroka usimtafute humo.

Mwishoni mwa kila robo kuna fomu ambayo sijaisahau. Bibi alinionyesha mwenyewe, nadhani alichoka kuona nimemkodolea macho. Ni fomu ya waliopunguka: waliokufa, waliotoroka, walioachishwa. Hapo ndipo karani anapoandika mahali alikozaliwa mtu, kazi aliyoifanya kabla ya jeshi, na siku aliyojiandikisha. Miaka yote alihesabiwa kama tandiko. Siku anaondoka ndipo inapoandikwa kwamba huyu alikuwa mshona viatu, huyu kibarua wa shamba, wa kijiji fulani. Nilikuwa nimesikia hayo msibani kwetu, wasifu wa marehemu unasomwa na majirani wa miaka ishirini wananong'onezana: kumbe alikuwa fundi saa?

"Taratibu," bibi aliniambia, kwa sauti ya chini ya chumba kile. "Ukiharakisha, unamfufua mtu mwingine."

Kazi hii imekuwa na mafundi wake. Kasisi William Lummis, ambaye ujanani alikuwa askari wa farasi wa 11th Hussars, aliwafuatilia wapanda farasi wale wa Balaclava mmoja mmoja, na kitabu alichoandika pamoja na Kenneth Wynn kilitoka 1973, naye amevuka miaka themanini. Wenyewe waliookoka walishaliona tatizo mapema. Chama chao kilianzishwa 1877, na 1879 wakabadili kanuni ili kiwe cha walioshambulia tu, maana waliokuwako Crimea walikuwa wengi kuliko walioshuka bondeni.

Alasiri kidole kilisimama. Daftari la Oktoba hadi Desemba 1854. Jina ndilo, namba ndiyo, na katika safu ya maelezo neno moja: Scutari. Hospitali, ng'ambo ya Istanbul, bahari nzima kati yake na ile mizinga. Robo iliyofuata akaingia katika fomu ya waliopunguka. Kazi yake ya kwanza: mfumaji.

"Watakasirika," alisema, akiandika kwa penseli, maana wino hauruhusiwi mle. Alisema bila uchungu. Mjukuu wake, aliendelea, humshauri apige picha kurasa zote aiachie mashine isome. Nilitaka kumtetea kijana, maneno yakanikwama. Nilikuwa nikiitazama meza: sponji zilizoegemeza daftari, ncha ya penseli iliyochongwa kwa kisu, na viti vitatu vitupu kando yake. Hakuna aliyeketi hapo kujifunza.

Muda wa kufunga ulikaribia. Aliinama tena, kidole hewani, akarudi nyuma kurasa mbili, kisha mbele.

"Tazama. Hapa mwandiko umebadilika. Wa mwanzo alikuwa akiikunja herufi ya mwisho ya kila jina. Huyu haikunji." Akalifunga daftari kwa mikono miwili. "Yule karani wa kwanza sijui alikwenda wapi. Kesho nitamtafuta."