Mkanda, Kamera na Kitabu: Mchezo wa Kundi la Mufwankolo juu ya Utawala

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuanza na kitabu. Pasipo na kitabu husema kwamba hiyo ni fasihi simulizi, na papo hapo huwaza mzee, moto wa jioni na watoto waliokaa chini wakisikiliza. Katika miji ya ukanda wa shaba mgawanyo huo hautoshi. Tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, wakazi wa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hadi 1966, wamepata sehemu kubwa ya sanaa yao ya maneno kwa njia nyingine: kipaza sauti cha redio, na baadaye kamera ya televisheni. Sanaa hiyo haikuandikwa kabla ya kutamkwa, wala haikutamkwa kando ya moto.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa sanaa hiyo, yaani mchezo ambao kundi la Mufwankolo liliutunga mwaka 1986, na ambao Johannes Fabian, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, aliuingiza katika kitabu chake Power and Performance (1990). Hoja yetu ni kwamba mashine haikuwa chombo cha kuubeba mchezo tu. Iliamua nani ausikie, Kiswahili kipi kihesabiwe kuwa lugha ya heshima, na nani abaki na mchezo baada ya wachezaji kurudi makwao.

2. Mchezo usio na maandishi

Kundi la Mufwankolo lilijulikana Shaba yote (ndivyo Katanga ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997) kwa michezo yake ya redio na televisheni. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walilitolea kitabu kizima mwaka 1981. Fabian naye, ambaye aliwahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alirudi na swali dogo. Alikuwa amesikia mezani, palipokuwa na firigisi ya kuku, msemo ambao maana yake ni kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Firigisi ni kinyofu cha mkubwa; anayepewa hapaswi kuikata na kuwagawia wenzake. Je, msemo huo una maana gani hasa? Wachezaji alipowauliza hawakumjibu kwa maelezo peke yake. Waliamua kuutungia mchezo.

Namna walivyoutunga ndiyo inayomhusu mhakiki. Hapakuwa na karatasi ya maneno ya kukariri. Walijadiliana juu ya wazo, wakakubaliana mfululizo wa maonyesho, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akaleta maneno yake wakati wa kucheza. Leo atasema hivi, kesho atasema vingine, na mwenzake atamjibu kwa kadiri alivyosikia. Hatimaye mchezo ulichezwa mbele ya kamera za televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi.

Basi tuulize: mchezo wenyewe ni upi? Ni yale mazungumzo ya kwanza, ni mazoezi, au ni kile kilichonaswa siku ya mwisho? Mtunzi wa riwaya hutupa rasimu zake na kutukabidhi kitabu kimoja. Hapa kila mara ya kucheza ni kazi kamili. Ni mashine peke yake inayochagua mara moja kati ya nyingi na kuifanya kuwa «mchezo». Uchaguzi huo si wa kisanaa kwanza. Unategemea siku ambayo gari la kituo limepatikana, urefu wa mkanda na saa iliyotengwa katika ratiba.

3. Redio na heshima ya lugha

Kiswahili cha Lubumbashi kilikua pamoja na kazi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika mjini mwaka 1910, na wafanyakazi wa asili mbalimbali wakalazimika kuelewana mgodini, kambini na sokoni. Fabian mwenyewe, katika Language and Colonial Power (1986), ameonyesha jinsi wakoloni na wamisionari walivyojaribu kuiongoza lugha hiyo kwa kamusi na vitabu vya mazoezi. Shule ilifundisha watu wanakuja. Uani mtu alisema bantu banakuya. Shule ilifundisha maji. Nyumbani watu walikunywa mayi. Mwanafunzi alijifunza mapema kwamba lugha ya mama yake haikustahili kuandikwa.

Redio haikuufuta mgawanyo huo, bali iliusogeza. Habari zilisomwa kwa Kiswahili kinachokaribia kile cha shule, kwa kuwa habari ni sauti ya serikali. Mchezo ulisemwa kwa Kiswahili cha mji, pamoja na ba- yake, ka- yake ya udogo na maneno yake ya Kifaransa. Kwa mara ya kwanza lugha ya uani ilitoka katika chombo kilekile kilichotoa sauti ya wakubwa. Wapo waliosema kwamba hilo liliiharibu lugha. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu anayesikia lugha yake ikitoka hewani, ikichekesha, ikihukumu kesi ya mume na mke, ikimkemea tajiri mwenye choyo, anajua kwamba lugha hiyo inaweza kubeba fikira. Kabla ya wataalamu kukitolea Kiswahili cha Lubumbashi sarufi, redio ilikuwa imekwisha kukipa hadhira.

Hata hivyo heshima hiyo ilikuwa na mpaka. Lugha ya mji iliruhusiwa kuchekesha, haikuruhusiwa kutangaza. Mgawanyo huo wa kazi unadumu hadi leo katika vituo vingi: Kiswahili cha adabu kwa habari, Kiswahili cha mji kwa kicheko. Mhakiki asiyeuona anaweza kudhani kwamba michezo hii ni mizaha mitupu, kwa sababu tu imesemwa kwa lugha ambayo ratiba iliipangia mizaha.

4. Kamera na utawala

Mwaka 1986 Zaire ilikuwa na chama kimoja na televisheni moja, ya serikali. Wachezaji walipochukua msemo usemao kwamba utawala huliwa mzima na kuupeleka mbele ya kamera, waliupeleka mbele ya chombo ambacho chenyewe kilikuwa kimeliwa kizima. Hakuna kituo cha pili ambacho mtazamaji angeweza kukigeukia.

Kwa hiyo kijiji cha mchezo si mapambo. Mfalme wa kijiji, wazee wake, mashauri yanayoletwa mbele yake na vurugu inayotokea mamlaka yanapotikiswa vinaweza kusomwa kwa njia mbili. Kwa mtu wa serikali, mchezo unafundisha utii: mkubwa ni mmoja, asishirikiane na mtu. Kwa mtazamaji wa komini, mchezo unauliza swali: yule anayekula firigisi nzima, ana wajibu gani kwa wale wanaomtazama akila? Kamera inaonyesha picha ileile kwa wote wawili. Kejeli imo masikioni mwa msikilizaji, na mkanda hauwezi kuikamata wala kuithibitisha. Huo ndio uliokuwa usalama wa wachezaji, na ndiyo nguvu ya mchezo. Kijiji kilikuwa mbali kiasi cha kutosha hata jambo la karibu liweze kusemwa.

5. Kitabu na wenye mali

Sifa kubwa ya Power and Performance ni kwamba hakikuficha mazoezi. Msomaji anawasikia wachezaji wakibishana juu ya maana ya msemo, wakisahihishana, wakibadilisha mpango. Tunaona fikra ikifanya kazi kabla haijawa onyesho. Kwa uhakiki wa fasihi yetu jambo hili ni la thamani kuliko uchambuzi wowote, kwa kuwa linavunja dhana kwamba msanii wa mjini hucheza bila kufikiri.

Lakini kinasa sauti nacho kina upofu wake. Kinashika neno na kuacha jicho. Kicheko kinakuwa alama katika maandishi. Mwendo wa mwili unakuwa maelezo mafupi. Zaidi ya hayo, uzito wa kitabu uko kwa wachezaji, na watazamaji wa nyumbani, wale waliojaa katika ua wa jirani mwenye televisheni, wanabaki gizani. Bila wao nusu ya kazi haipo, kwa maana wao ndio waliokamilisha kejeli.

Tena maelezo ya kitabu ni ya Kiingereza, nacho kilichapishwa Marekani. Fabian alilitambua tatizo hili, kwani baadaye maandiko mengi aliyoyakusanya yaliwekwa kwenye intaneti kwa Kiswahili chake cha asili, na katika Ethnography as Commentary (2008) alitafakari jinsi hifadhi ya namna hiyo inavyobadilisha kazi ya kuandika. Hatua hiyo ni ya kushukuriwa. Hata hivyo swali halijaisha. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kusoma maneno ya babu yake anategemea umeme, simu, fedha za kununua vifurushi, na hifadhi iliyoanzishwa ng’ambo. Mkanda wa video ulikuwa ghali, na vituo vingi duniani, hata vya nchi tajiri, vilikuwa na desturi ya kuufuta na kuutumia tena. Mahali ambapo onyesho limefutwa, kitabu cha mgeni ndicho kumbukumbu pekee.

6. Firigisi iliyogawanywa

Chama kimoja kilifikia mwisho wake kwa hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, vituo vya watu binafsi vikaota, na tangu Februari 2002 Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Leo kijana mwenye simu hupiga picha mchezo wake mwenyewe na kuusambaza kabla ya jua kuchwa. Kwa mtazamo wa kwanza, firigisi imekatwa vipande na kila mtu amepata chake.

Tusiharakishe kushangilia. Ua uliojaa watu mbele ya televisheni moja ulikuwa pia baraza: walicheka pamoja, na kesho yake walibishana juu ya jambo lilelile. Anayetazama kwenye kioo cha kiganjani hucheka peke yake. Michezo imekuwa mifupi, na kejeli inayohitaji nusu saa ya kuandaliwa haina nafasi katika dakika mbili. Na kampuni zinazohifadhi picha hizo ziko mbali kuliko Amsterdam ilivyokuwa.

7. Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, michezo ya redio na televisheni isomwe katika idara zetu kama fasihi kamili ya Kiswahili, kwa lugha iliyosemwa, bila kuisafisha ili ifanane na kitabu cha shule. Pili, kukusanya kanda zilizosalia katika nyumba na vituo vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuhesabiwe kuwa kazi ya uhakiki, si ya ghala. Kwa kila mkanda yaulizwe majina ya waliocheza, na waliotazama waulizwe walicheka wapi na kwa nini. Wapo bado wanaokumbuka, na kumbukumbu yao haina nakala.