Kinachotambua Hakisemi: Uhakiki wa Kipokezi cha Seli T

Kipokezi cha seli T kimeundwa kwa minyororo miwili, alfa na beta, na kila mnyororo una vikunjo viwili nje ya utando wa seli: cha juu kinachotofautiana toka seli hadi seli, na cha chini kisichobadilika. Ni kama shairi ambalo mishororo yake hugeuka ubeti kwa ubeti huku kibwagizo kikibaki kilekile. Ila hapa kibwagizo kimekaa karibu na seli, na ugeni wote umesukumwa hadi ncha ya mbali, kule kipokezi kinakokutana na kisichokijua.

Ubadilifu huo nao haukutapanywa ovyo. Umekusanywa katika vitanzi sita, vitatu kwa kila mnyororo. Viwili vya kwanza vimeandikwa tayari katika jeni za kurithi, na kwa kawaida hutua juu ya protini ya HLA inayobeba peptidi, yaani kipande cha protini. Cha tatu huzaliwa pale vipande vya jeni vinapoungwa, na kwenye maungio hayo kimeng'enya huongeza herufi ambazo hazikunakiliwa kutoka popote. Tangu Pamela Bjorkman na wenzake wa Harvard walipochapisha umbo la HLA-A2 mwaka 1987, twajua kwamba peptidi hulala katika mfereji kati ya hesi mbili. Na picha za fuwele za mwaka 1996 zikaonyesha kipokezi kikiulalia mfereji huo kimshazari, vitanzi vya tatu vikiwa katikati. Kilichobuniwa upya kimewekwa mbele ya kilicho kigeni zaidi, peptidi, na cha kurithi mbele ya kilicho cha mwili, HLA. Sijui mpangilio wa kiprotini uliopimwa kwa umakini kuushinda huu.

Hata hivyo, minyororo ya alfa na beta haina sauti. Mikia yake ndani ya seli ni mifupi mno, haiwezi kupeleka ishara yoyote. Usemi umeachiwa minyororo sita ya CD3 inayoandamana nayo, ambayo mikia yake ina jumla ya mafungu 10 yanayopokea fosfati na kuamsha seli. Basi kazi ya utambuzi na kazi ya usemi zinaunganishwaje?

Jibu limo ndani ya utando, na ndipo ninapouona ustadi mkubwa kuliko wote. Utando ni mafuta, na mafuta hukataa chaji. Lakini alfa inapita humo na chaji chanya mbili, beta na moja. Zikisomwa peke yake, chaji hizo ni dosari. Zikisomwa pamoja na CD3, kila chaji chanya inakutana na chaji hasi mbili za jozi moja ya minyororo hiyo, na jozi ziko tatu kamili. Dosari ndiyo kiungo. Mnyororo wa alfa usiopata wenzake hubaki nyuma ndani ya seli na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo hakuna kipokezi kinachofika usoni mwa seli kikiwa na utambuzi bila usemi.

Mshiko wa kipokezi kwa peptidi na HLA ni dhaifu, mara nyingi wa sekunde chache tu, na tofauti na kingamwili, vitanzi vyake havinolewi zaidi baada ya maambukizi kuanza. Picha za mwaka 2022 za kipokezi kizima kikiwa kimeshika HLA hazikuonyesha badiliko kubwa la umbo: vikunjo, vitanzi na jozi tatu za utandoni vilibaki mahali pake.