Simika na Ndugu Zake: Vitenzi vya Uthabiti katika Historia ya Songea

Ni desturi ya orodha za visawe kuvipanga pamoja vitenzi simika, kita, asisi, imarisha na thibitisha, kana kwamba kila kimoja chaweza kukaa mahali pa mwenziwe bila kuharibu maana. Desturi hiyo humfaa mwanafunzi atafutaye neno la haraka, lakini humpoteza mwandishi wa historia. Vitenzi hivi vyote hueleza tendo la kufanya jambo likae bila kutikisika. Hata hivyo kila kimoja kina sharti lake juu ya kitu kinachotendwa, na juu ya hali iliyokuwapo kabla ya tendo. Mji wa Songea, mkoani Ruvuma, ni mahali pafaapo kuvipima, kwa maana huko kuchagua kitenzi ni kuchagua mwenye mji.

Simika ni neno la Kibantu, la asili moja na simama. Uhusiano wa maneno hayo mawili ni ule ule wa angika na angama, au wa inika na inama: umbo lenye -am- hueleza kitu kilivyo katika mkao fulani, na umbo lenye -ik- hueleza kukitia katika mkao huo. Basi -ik- ya simika si ile ya vunjika na someka, na asemaye “mnara umesimika” kwa kukusudia “umesimikwa” huchanganya viambishi viwili vyenye sura moja. Kinachosimikwa huwa kipo tayari, kimelazwa au kimewekwa kando: nguzo, mlingoti, jiwe la kumbukumbu. Vivyo hivyo mtu husimikwa katika cheo, awe chifu au askofu. Mtu alikuwapo na cheo kilikuwapo. Tendo limewakutanisha mbele ya mashahidi. Nkosi wa Wangoni akisimikwa hakuleta unkosi duniani, aliupokea.

Kita chataka zaidi ya kusimama. Kitu kinachokitwa huingia ndani ya kingine, kikashikwa nacho: nguzo ardhini, mizizi katika udongo. Pasipo kitu cha kupokea na kushika, hapana kukita. Kutokana nacho limepatikana jikita, neno ambalo waandishi wa leo wamelichakaza kwa kusema kila makala “imejikita” katika mada yake, hata pale ambapo makala imeigusa mada kwa juu tu na kupita. Nguvu ya neno hilo ni wazo la kuzama na kung’ang’ania. Likitumiwa kwa maana ya “kuhusu” tu, lugha imepoteza chombo bila kupata kingine.

Asisi limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa asasi, yaani msingi. Sharti lake ni zito kuliko ya wenzake: kinachoasisiwa hakikuwapo kabla, na aliyekiasisi hupewa heshima ya mwasisi. Imarisha ni kinyume cha hilo, kwani haliwezi kutumika ila kwa kitu kilichokwisha kuwapo na ambacho nguvu zake zaweza kuongezwa. Ama thibitisha, ambalo asili yake ni kufanya jambo liwe thabiti, limehamia zaidi upande wa maneno na hukumu: habari huthibitishwa, uteuzi huthibitishwa, mtumishi huthibitishwa kazini. Ni nadra leo kumsikia mtu akithibitisha nguzo.

Njia fupi ya kuvitenga vitenzi hivi ni kuviuliza vinyume vyake. Kilichokitwa hung’olewa. Mlingoti uliosimikwa huangushwa, na mtu aliyesimikwa huvuliwa cheo. Kilichoasisiwa huvunjwa, kilichoimarishwa hudhoofishwa, na kilichothibitishwa hukanushwa au hutenguliwa. Kama maneno haya yangekuwa visawe kamili, yangekuwa na kinyume kimoja.

Kipimo hicho kiletwe Songea. Sentensi isemayo kwamba Wajerumani waliuasisi mji wa Songea mwaka 1897 ni rahisi kuandikwa, na mwaka wenyewe unahusu jambo la kweli, kwani ndipo walipoweka kituo chao cha kijeshi huko. Lakini asisi hudai kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu, na jina la mji lenyewe lakanusha dai hilo. Songea ni jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni wa Njelu, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, kama walivyonyongwa viongozi wengine wengi wa Wangoni siku ya tarehe 27 Februari mwaka huo. Kilichofanyika mwaka 1897 ni kukitwa kwa boma katika ardhi yenye wenyewe. Kilichofuata baada ya vita ni kuimarishwa kwa utawala uliokuwa umetikiswa. Vitenzi viwili vyahitajika, na hakuna hata kimoja kati yake kimpacho mjenzi wa boma cheo cha mwasisi.

Haki itakayo hivyo kwa Wangoni yataka hivyo pia juu yao. Walipofika kutoka kusini katika karne ya 19 na kuunda dola za Njelu na Mshope, waliwakuta watu wengine katika nchi, wakiwamo Wandendeule. Dola zao waliziasisi, nchi hawakuiasisi. Juu ya nchi, neno la kweli ni kwamba walijikita: neno hilo lakubali kwamba palikuwa na udongo uliopokea, wala halifichi kwamba ulipokea kwa nguvu.

Habari za Peramiho, karibu na mji huo, zaonyesha jinsi kitenzi kimoja kisivyotosha kwa maisha yote ya kitu. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1898, ikachomwa moto katika vita mwaka 1905, ikajengwa upya, kisha ikapata hadhi ya abasia mwaka 1931. Aandikaye kwamba “abasia iliasisiwa mwaka 1898” ameufuta moto. Kwa upande mwingine, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi RDA, chastahili asisi bila ubishi. Wanavijiji wa Litowa na wenzao walikiunda katika miaka ya 1960 pasipokuwa na chama cha namna hiyo, na kinyume chake kilikifika kwa neno lile lile lipasalo: mwaka 1969 kilivunjwa.

Hapana budi, basi, kamusi zisitosheke kulifasiri neno moja kwa kulitupia jingine. Chini ya kila kitenzi cha jamii hii yafaa kuonyeshwa kitu kinachotendwa, hali iliyotangulia, na kinyume chake. Kazi hiyo ni ndogo kwa mtunga kamusi, na faida yake ni kubwa kwa mwalimu wa historia, kwa maana mwanafunzi wa Songea asomaye kwamba mji wake “uliasisiwa” na boma amekwisha kufundishwa, kwa kitenzi kimoja tu, kwamba nduna ambaye mji waitwa kwa jina lake alikuwa mgeni kwao.