Kukagua lebo ya redio ya valvu

Wanunuzi wengi wa redio kuukuu iliyofufuliwa hukagua kasha: vanishi imepakwaje, kioo cha stesheni ni kizima au kina ufa. Mimi huigeuza nikachungulia ndani, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni au chini ya kasha, maana fundi mvivu hujulikana hapo. Lebo za asili nyingi zililiwa na wadudu au zikabanduka kwa joto, kwa hiyo unayoiona mara nyingi ni nakala. Nakala si kosa, ila kuna nakala na nakala.

Usianze na rangi, kwa kuwa rangi ni rahisi kughushi. Anza kwa kusoma. Chukua redio ndogo za mezani za Marekani za miaka ya 1940, zile zenye valvu tano: 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5. Lebo yake ni mchoro wa chasisi unaoonyesha kila valvu inakaa wapi. Sasa, 50L6 na 35Z5 zina kitako cha aina moja. Mchoraji akizigeuza nafasi, zitaingia bila ubishi, na hasara itaonekana ukishawasha. Lebo hiyohiyo ndiyo inayotaja volti 105 hadi 125. Redio kama hiyo ikiletwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako soketi hutoa zaidi ya volti 220, mstari huo mmoja ndio utakaomzuia mtu asiiunguze. Lebo nzuri ya sura yenye mchoro wa uongo ni bora isiwepo.

Teremka kwenye maandishi madogo, orodha ya hataza ambazo mtengenezaji alipewa leseni ya kuzitumia. Hapo 3 hugeuka 8 na 1 hugeuka 7, kwa sababu mwigaji aliiachia kompyuta imsomee na hakurudi kuhakiki. Kisha tazama umbo la herufi. Arial ilitoka mwaka 1982, na Helvetica mwaka 1957. Ukizikuta kwenye redio ya 1941, huna haja ya kuendelea.

Baada ya hapo toa lenzi. Kosa ninalolichukia kuliko yote ni la kupiga picha lebo iliyochakaa na kuichapa ilivyo, madoa na yote. Kwa mbali inapendeza. Chini ya lenzi, doa la maji linakuwa vitone vya buluu, njano na waridi, na herufi zilizopaswa kuwa nyeusi ni za kahawia zenye kingo za ngazi-ngazi. Karatasi halisi inapozeeka, karatasi ndiyo inayobadilika; wino mweusi wa chapa hubaki mweusi. Fundi makini huchora maandishi upya, mstari kwa mstari, akayachapa kwa wino mweusi wa pigmenti. Wino wa kawaida wa printa huvuja ukiugusa kwa pamba yenye unyevu, na unga wa printa ya leza hung'aa ukiinamisha lebo kwenye mwanga.

Karatasi yenyewe ipime kwa tochi ya miale ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za leo zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu. Za kabla ya Vita vya Pili haziwaki hivyo. Kwa runinga za mwishoni mwa miaka ya 1950 kipimo hiki hakitoshi, kwani kemikali hiyo ilishaanza kutumika.

Sasa ndipo tunafika kwenye uzee. Kila doa liwe na chanzo. Kwenye redio ile ya valvu tano, 50L6 na 35Z5 ndizo zinazochemka zaidi, hivyo weusi ukolee upande ulio karibu nazo na kufifia kadiri unavyokwenda mbali. Gundi ya zamani hupenya kutoka nyuma kwa michirizi ya brashi. Karatasi iliyotumbukizwa kwenye chai hushika rangi sawasawa kote, na ikikauka huacha mstari mzito pembeni usio na maelezo yoyote. Kuchoma pembe kwa kiberiti ni utoto. Kasha likiwa limepigwa vanishi mpya linalometa, mimi napendelea lebo safi ya rangi ya maziwa kuliko iliyoraruliwa makusudi.

Runinga zina sheria yake. RCA 630-TS ya mwaka 1946 ina valvu kama 30, na mchoro wake unahitaji subira kuuhakiki. Lakini onyo la umeme mkubwa lisizeeshwe hata kidogo: lisomeke na mtu aliyesimama, kwenye taa hafifu.

Ubandikaji ni jambo fupi. Gundi ya wanga inatosha, maana hubanduka kwa maji; gundi za kupuliza humnyima fundi anayefuata nafasi ya kurekebisha. Nusu ya lebo ya asili ikiwa bado ipo, iachwe, isifunikwe. Na mwaka wa nakala uandikwe mbele, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kwa sababu mgongo wa karatasi iliyobandikwa haumwambii mnunuzi lolote. Usipouona mwaka huo, mwombe muuzaji picha ya ndani ya kasha kabla ya kazi. Aliyeiga kwa uangalifu huwa nayo.