Mstari wa Paji na Haki ya Matabishi

Vinyozi wengi wa Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, husifiwa mapema mno, kwa kuwa mteja hutoa sifa angali kitini, kitambaa kikiwa shingoni na kioo mbele yake, na mara nyingi picha ya simu huwa imekwisha kuwafikia rafiki zake kabla hajavuka mlango. Kazi inayosifiwa hivyo, yenye mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, ndiyo inayoharibu vichwa vya vijana wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, na ndiyo hiyo hiyo inayopewa matabishi, yaani fedha ambayo mteja humwachia fundi kwa hiari yake juu ya bei waliyopatana. Hukumu ya haki juu ya kunyolewa huhitaji juma zima.

Mstari unaohusika ni mpaka wa nywele na paji la uso, unaotoka sikio moja hadi la pili kwa kupitia pembe mbili zilizo juu ya panja. Hakuna binadamu ambaye mpaka wake umenyooka: una vinyweleo vyembamba, una mapengo, na kwa watu wengi upande mmoja umepanda kidogo kuliko wa pili. Fundi bingwa huufuata pale ulipo, akaondoa vinyweleo vilivyotangulia mbele na kuacha upungufu wa maumbile uonekane, ilhali fundi mbovu huutafuta unyoofu kwa kurudi nyuma, akila nywele zilizokomaa hadi pande mbili zilingane. Akizidisha kushoto hurudi kulia, akizidisha kulia hurudi kushoto, na kila marudio paji huongezeka. Siku hiyo mstari hupendeza kweli, na hapo ndipo asiyeijua kazi anapodanganyika. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo siku 7 zikipita huwa zimeota kama milimita 2, na ukanda ulioibwa hujitokeza mbele ya mstari ukiwa mweusi na wenye kukwaruza. Kinyozi wa pili, akiukuta mpaka huo wa uongo, huuchukua kuwa ndio wa kweli na kuusogeza nyuma tena, hata kijana wa miaka 20 akapata paji la babu yake.

Kipimo cha jambo hili ni kidole, wala hakihitaji kioo. Kidole kikipandishwa polepole kutoka kwenye nyusi, juu ya mpaka ulioheshimiwa hutoka kwenye ngozi laini, kikagusa vinyweleo laini, kisha nywele zenyewe. Juu ya mpaka ulioibwa hukutana kwanza na ukakasi wa visiki, yaani mashina ya nywele zilizokatwa usawa wa ngozi, kabla ya kuzifikia nywele. Wapo pia walaghai wanaoujaza mstari kwa rangi nyeusi ili kuficha pengo walilolifanya wenyewe, na joto la Baraka halichelewi kuwaumbua, kwa maana jasho la mchana mmoja huihamishia rangi hiyo kwenye kola ya shati.

Mabingwa walioshika mkasi na kitana kabla ya mashine za umeme kuenea hawakuwa na haja ya hila hizo. Baadhi yao waliifanya kazi hii uhamishoni mkoani Kigoma, Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 au ile ya Lugufu, wakarejea baada ya safari za kuwarudisha wakimbizi kwa meli hadi Baraka kuanza mwaka 2005. Bingwa wa aina hiyo humgeuza mteja kuelekea mwanga wa mlango, hukitazama kichwa kutoka nyuma kabla ya kukigusa, na kijana aliyekwisha kuharibiwa paji humrudisha nyumbani bila kumtoza hata franka moja, akimwagiza asinyoe mbele mpaka nywele zirudi. Subira hiyo imekuwa adimu, na upungufu wake ni hasara kubwa.

Mbali na mstari wa paji, degrade, yaani mtindo wa kupunguza nywele hatua kwa hatua kutoka utosini hadi masikioni, hupimwa kwa kukosa ngazi. Namba 1, kifaa cha plastiki kinachovikwa mashine, huacha nywele za milimita 3, na namba 2 huacha za milimita 6. Jicho likiona mahali namba moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia, kazi haijakamilika. Saloni yenye muziki mkubwa haitoi degrade safi, kwa sababu fundi husikiliza mashine yake, na pale umeme unapotegemea betri ya sola, sauti ikififia ni dalili kwamba meno yameanza kuvuta nywele badala ya kuzikata. Mwanamume aliyepita miaka 40 hanyolewi pembe kali. Kisogoni wembe usibanwe sana, maana nywele za kujikunja zikikatwa chini mno huingia tena ndani ya ngozi na kuzaa vipele.

Kuhusu bei, mteja anayelalamika kwamba kinyozi wa jirani ni nafuu hajauliza wembe mpya unalipiwa na nani, wala spiriti ya kusafishia meno ya mashine, ambayo bila hiyo mapunye, ugonjwa wa fangasi wa kichwani, hupita kutoka kichwa hadi kichwa. Mafuta ya jenereta na kodi ya chumba navyo vimo ndani ya bei hiyo, na mara nyingi fundi hugawana kinachobaki na mwenye saloni. Bei ya chini kupita kiasi humaanisha kwamba kimojawapo kimeachwa, na kinachoachwa kwanza ni spiriti.

Kwa hiyo bei ilipwe kamili na papo hapo, bila kupunguzwa hata kwa mazoea ya urafiki. Matabishi ni haki ya fundi aliyeuacha mpaka mahali pake, na yanastahili kutolewa mteja anaporudi, baada ya kidole kupita juu ya paji na kukuta ngozi laini. Asiyeweza kusubiri siku 7 na asitoe.