Casus Bila Tarehe

Sisi tuliolelewa katika seminari twaijua casus. Padri wa moral alitupa kisa cha mtu aliye katika shida, kisha akatuuliza: Je, ana ruhusa? Je, anapaswa? Siku hizi shule za uganga za Butembo na Beni zinafundisha sheria na maadili kwa njia ileile, nasi twaisifu.

Lakini visa vyenyewe vinatuhuzunisha. Siku moja tulikaa katika darasa la shule tusiyotaka kuitaja. Mwalimu alisoma kisa cha mzee aliyefungwa kwenye mashini ya kupumulia: munganga aizime ao aiache? Wanafunzi walijibu vizuri sana. Hata mmoja hakuuliza nani alinunua mafuta ya jenereta usiku ule. (Kwetu mashini huzimika yenyewe.)

Kumbe kisa kikubwa kilikuwa mlangoni pao. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina karibu na Beni, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na 2,287 walikufa. Tuwaze mama mmoja wa miezi ile ya kwanza. Ana mimba ya miezi mitano, amemwuguza mume wake mpaka kufa. Wachanjaji wanafika, wanachanja watu wa nyumba, yeye wanamwacha. Chanjo ilikuwa ingali katika majaribio, na mpango wa majaribio uliwakataza wenye mimba. Muuguzi afanye nini?

Mwanafunzi mvivu atajibu: «Sheria imekataza.» Hapo mwalimu amshike. Sheria gani? Sheria Na. 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, ile ya afya ya watu wote, ilitoka serikalini. Mpango wa majaribio ni kitu kingine, na dhamiri ni kitu kingine tena. Na ile kanuni ya kutomdhuru mgonjwa inasema nini hapa, ikiwa Ebola huua karibu kila mtoto aliye tumboni mwa mama mgonjwa? Kumwacha mama huyu nako kwaweza kuwa kumdhuru. Wakubwa wenyewe walibishana. Ni katika Juni 2019 tu wenye mimba waliopita miezi mitatu walipoanza kuchanjwa. Jibu lililostahili pointi zote mwaka 2018 lingeanguka mwaka uliofuata! Ndiyo sababu twataka kila kisa kiandikwe tarehe na pahali.

Hatusemi muuguzi achanje kwa siri. Lakini kati ya kuvunja amri na kunyamaza kuna kazi nyingi: kumweleza mama waziwazi, kwa lugha yake, kwa nini ameachwa, kumfuata siku 21, akipimwa homa kila siku, kuwaandikia wakubwa kwamba amri hii inamwacha mtu katika hatari. Kazi hizo hatukuzisikia katika darasa lile.

Walimu wengine watatujibu kwamba kidonda kingali kibichi. Ni kweli. Munganga Richard Mouzoko aliuawa tarehe 19 Aprili 2019 katika lopitali ya chuo kikuu, hapahapa Butembo. Basi mwalimu aulize kwanza, kando, nani alizika mtu wake wakati ule, na huyo asilazimishwe kusimama mbele ya wenzake. Lakini kisa kisomwe.